Mbegu Ilivuka Bahari, Mapishi Yakabaki: Historia ya Chungu cha Mahindi, Maharage na Boga



Msimu huu wa mavuno nimepita nyumba nyingi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mahindi yamejaa vibarazani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Nyumba moja nilimkuta mama anapukuchua. Akaniambia kwa furaha kwamba maharage ameshauza yote, tena kwa bei nzuri, yamebaki ya mbegu tu. Maboga aliwapa nguruwe. Ilipofika saa saba akanikaribisha chakula: ugali wa sembe mweupe kama karatasi, na mchuzi wa nyanya. Nilikula na nikashukuru, maana mgeni hachagui. Lakini pembeni yangu alikaa mtoto wake wa miaka minne, kimo chake kama cha mtoto wa miaka miwili. Njia nzima ya kurudi sikuwa na raha.

Si nyumba hiyo peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni karibu 57 kati ya 100. Njombe na Rukwa ni karibu 50. Hii ndiyo mikoa inayosifiwa kwa kulisha nchi! Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi, maji yasiyo safi na mama mjamzito kufanya kazi nzito bila kupumzika. Lakini kula chakula cha aina moja kila siku ni sababu mojawapo, na hiyo tunaweza kuigusa wenyewe kuanzia wiki hii.

Leo basi siandiki habari za mbolea wala viwavijeshi. Nataka nikusimulie historia ya chungu kimoja cha mavuno kisicho na nyama, chungu cha mahindi, maharage na boga. Ni historia ndefu, na ndani yake watu wengi wamekufa kwa kutojua jambo dogo. Isome hadi mwisho, kisha ukaangalie jikoni kwako.

Wenye chungu hiki ni akina nani?

Mazao haya matatu tunayaona kama ya kwetu tangu enzi, lakini asili yake ni bara la Amerika. Wakulima wa Mexico waliyatoa mahindi kwenye jani pori liitwalo teosinte, lenye punje chache ngumu, yapata miaka 9,000 iliyopita. Maboga walianza kuyalima hata kabla ya hapo. Maharage yalianza kulimwa Mexico, na pia kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini.

Kutoka Mexico mbegu zilisogea kaskazini polepole, mkono kwa mkono, zikachukua karne nyingi. Zikafika hadi kwa watu wanaojiita Haudenosaunee, wanaoishi eneo ambalo leo ni jimbo la New York na sehemu za Kanada. Walikuwa mataifa matano yaliyoungana: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Baadaye wakajiunga nao Watuscarora, wakawa sita. Maharage yaliwafikia mwisho, kiasi cha miaka 700 iliyopita, na ndipo chungu kikakamilika. Mazao hayo wao huyaita dada watatu.

Angalia walivyolima, maana hapa kuna somo letu la kwanza. Mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake. Wanaume walisaidia kufyeka, lakini wanawake ndio waliopanda, kupalilia, kuvuna na kugawa. Walikusanya udongo katika vilima vidogo. Kwanza walipanda mahindi. Yalipofika kimo cha kutosha wakapanda maharage yanayotambaa, yakapanda kwenye bua la mahindi kama mti wa kuegemea. Kati ya vilima wakapanda maboga, majani yake mapana yakafunika ardhi, yakazuia magugu na kutunza unyevu. Maharage nayo, kwa msaada wa bakteria walio kwenye mizizi yake, huchukua naitrojeni hewani na kuiingiza shambani.

Ukisikia leo wataalamu wanahubiri kilimo mseto kama jambo jipya, kumbuka akina mama hao.

Mavuno ya majira ya baridi kukaribia

Huko kaskazini kuna majira ambayo sisi hatuna. Kati ya Septemba na Novemba joto hupungua, majani ya miti hugeuka mekundu na ya njano, kisha hupukutika kabla ya baridi kali kuingia. Vitabu vyetu huyaita majira ya vuli, lakini usiyachanganye na mvua zetu za vuli. Kwao huo ndio wakati wa mavuno, kama Juni na Julai kwetu.

Wakati huo kijiji kizima kilishughulika. Mahindi yalisukwa kwa maganda yake kama nywele na kutundikwa ndani ya nyumba zao ndefu. Mengine yalifukiwa kwenye mashimo yaliyotandikwa maganda ya miti. Maboga yalikatwa vipande na kukaushwa. Walijua kwamba miezi kadhaa ardhi italala chini ya theluji, na atakayekosa akiba atalala njaa.

Walikula pia nyama ya kuwinda na samaki, lakini msingi wa chakula chao ulikuwa dada watatu. Mahindi hawakuyapika hivi hivi. Waliyachemsha kwanza katika maji ya majivu ya kuni, maganda yakalegea, kisha wakayaosha vizuri ndani ya kapu maalumu hadi majivu na maganda yakatoka. Baada ya hapo ndipo yakaingia chunguni pamoja na maharage. Kule Mexico walitumia chokaa badala ya majivu. Shika sana jambo hili la majivu, tutalirudia.

Mwaka 1779 watu hawa walipata pigo. Marekani ilikuwa vitani kujitoa kwa Waingereza, na mataifa manne kati ya hayo sita yaliegemea zaidi upande wa Uingereza. Jenerali George Washington akamtuma John Sullivan na jeshi kwenda kuiharibu nchi yao. Walichagua mwisho wa Agosti na Septemba, mahindi yakiwa shambani. Sullivan mwenyewe alitoa taarifa kwamba waliteketeza miji 40 na busheli zisizopungua 160,000 za mahindi. Ukizihesabu kama mahindi yaliyopukuchuliwa, hizo ni kama tani 4,000, yaani magunia 40,000 ya kilo mia mia. Mboga na miti ya matunda havikuachwa. Maelfu walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, na katika majira ya baridi yaliyofuata wengi walikufa kwa njaa na baridi.

Jenerali alijua anachofanya. Ukitaka kuwamaliza watu, choma ghala lao. Na mimi hujiuliza: sisi ambao hakuna jeshi lililotuvamia, kwa nini ghala zetu zibaki tupu mwezi wa pili baada ya kuvuna?

Mbegu yaondoka peke yake

Tangu safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492, mahindi yalivuka bahari kwenda Ulaya. Wakulima maskini wa Hispania na Italia waliyapenda, kwa sababu yalizaa sana kuliko nafaka walizozizoea. Lakini waliobeba mbegu hawakubeba mapishi. Majivu na chokaa viliachwa ng'ambo. Maharage na maboga yalivuka pia, lakini masikini wengi walibaki na uji mzito wa mahindi, asubuhi na jioni, mwaka mzima.

Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, huko Asturias kaskazini mwa Hispania, aliona ugonjwa mpya kwa wakulima maskini. Ngozi ya mikono, miguu na shingo iliwaka wekundu, ikakakamaa na kubanduka. Kisha kukaja kuhara, kuchanganyikiwa, na wengine kifo. Aligundua kwamba wagonjwa wake waliishi kwa mahindi na karibu hawaonji nyama. Italia waliuita pelagra, yaani ngozi iliyokwaruza, na jina hilo ndilo lililobaki.

Sababu ilichelewa sana kujulikana, nami nitakueleza kwa kifupi. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo letu haliwezi kuichukua vizuri. Majivu na chokaa huifungua. Maharage na karanga nazo husaidia kwa njia nyingine: zina protini ambayo mwili unaweza kuitumia kutengeneza niasini yake, na karanga zina niasini nyingi zenyewe. Kwa hiyo wale wanawake wa Haudenosaunee, bila maabara, walikuwa wamefunga mlango wa ugonjwa huu mara mbili: kwa majivu na kwa maharage.

Pamba hadi mlangoni

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra iliibuka kwa nguvu katika majimbo ya kusini mwa Marekani, nchi ile ile yalikotoka mahindi ya dada watatu! Wakulima wengi wa huko, weusi na weupe, walilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Zao lilikuwa pamba. Mara nyingi ilipandwa hadi karibu na mlango wa nyumba, pasibaki pa kuweka hata tuta la mboga. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi. Zaidi ya hapo, mashine mpya za kusaga zilianza kuondoa kiini cha mahindi ili unga usioze haraka dukani. Unga ukawa mweupe na wa kudumu, lakini sehemu kubwa ya vitamini ilikwenda na kiini. Inakadiriwa kwamba hadi kufikia mwaka 1940 watu kama milioni 3 walikuwa wameugua na kama 100,000 wamekufa.

Madaktari wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dk. Joseph Goldberger kuchunguza. Alipotembelea vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili aliona jambo dogo: wanaohudumiwa wanaugua, wahudumu hawaugui. Ugonjwa wa kuambukiza haubagui namna hiyo. Tofauti ilikuwa sahani. Akaongeza maziwa, mayai, nyama, maharage na kunde kwenye chakula cha yatima wa Jackson, Mississippi, na pelagra ikatoweka kwao. Kisha kwenye gereza la Rankin, wafungwa 11 walijitolea kula chakula cha mahindi na vyakula vingine vya wanga kwa ahadi ya kuachiliwa. Sita wakaugua. Wapo waliokataa kumwamini hata hivyo, kwa maana ukweli huo uliwaaibisha: ugonjwa ulikuwa wa umaskini. Niasini ilitambuliwa kuwa ndiyo tiba mwaka 1937 na Conrad Elvehjem. Goldberger alikuwa ameshafariki miaka minane kabla.

Wakati huo huo, katika jimbo la Alabama, alikuwepo mwalimu mmoja ambaye sisi maafisa ugani tunamwona kama babu yetu. George Washington Carver alizaliwa mtumwa, akaja kufundisha kilimo katika chuo cha Tuskegee kuanzia mwaka 1896. Aliwahimiza wakulima wa pamba kupanda kunde, karanga na viazi vitamu ili ardhi ipate nguvu na familia ipate chakula. Mwaka 1906 chuo hicho kilianza kutumia gari la kukokotwa na wanyama kupeleka masomo vijijini. Na vijitabu vya Carver havikuishia kwenye nafasi ya kupanda. Kijitabu chake cha karanga cha mwaka 1916 kina mapishi 105. Alijua kwamba ukimpa mkulima mbegu bila kumwonyesha namna ya kuipika, umempa nusu tu.

Na sisi je?

Mahindi yalifika pwani yetu wakati wa Wareno. Jina lenyewe linakwambia ni ya ng'ambo: wahenga waliyahusisha na Uhindi. Kabla yake, mabibi zetu walikuwa na mtama, uwele na ulezi, na kati yake walipanda kunde na mung'unye. Nafaka, jamii ya kunde, na mmea unaotambaa chini. Yaani walikuwa na dada watatu wao, na mazao hayo yote asili yake ni Afrika. Mahindi yalipoenea bara, hasa katika karne iliyopita, yalikuta utaratibu huo tayari. Ndiyo maana makande yalizaliwa kwa urahisi: nafaka ngeni iliingia kwenye chungu cha zamani.

Lakini usidhani pelagra ni hadithi ya Wazungu. Wakati wa vita vya Msumbiji wakimbizi wengi walihifadhiwa Malawi na kuishi kwa mgao, ambao msingi wake ulikuwa mahindi, na karanga kidogo. Mwaka 1989 upatikanaji wa karanga ulivurugika. Mwaka 1990 waliougua pelagra walizidi 18,000. Mahindi hayakukosekana. Kilichokosekana ni kile kiganja cha karanga.

Hapo ndipo uzito wa habari hii ulipo. Sisemi kwamba watoto wetu wana pelagra. Nasema kosa ni lile lile: kujaza debe la mahindi na kuliita chakula, huku vile vinavyolikamilisha vikipanda lori.

Mambo manne ya kufanya msimu huu

1. Pima kabla ya kuuza. Familia ya watu sita ikipika robo kilo ya maharage kwa siku, kwa mwaka ni kilo 91. Hata gunia la kilo mia halijai. Toa hilo kwanza, likaushe vizuri, lifunge kwenye mifuko ya kinga njaa, kisha mengine yauze kwa amani. Baba na mama mkubaliane kabla mnunuzi hajafika, si akiwa ameshafungua mzani.

2. Ndugu mfanyabiashara, mwachie mkulima gunia lake. Yule anayeuza maharage yote Juni ndiye atakayekuja Januari kuyanunua kwa bei mara mbili, kwa mkopo. Na ukiwa na mashine ya kusaga, uza dona pia na waeleze wateja faida yake. Dona haikai muda mrefu kama sembe, kwa hiyo saga kidogo kidogo.

3. Chambua mahindi. Punje zenye ukungu, zilizooza au zilizobadilika rangi usizile, wala usizichanganye kwenye gunia la kuuza. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

4. Usiwape nguruwe boga zima. Nyama yake, majani na mbegu vyote ni chakula cha watu. Mbegu zikaushe juani, zikaange, mtoto atafurahi.

Kande la mavuno (watu sita)

Mahindi mapya vikombe 3, maharage vikombe 2, boga lililomenywa nusu kilo, karanga zilizosagwa kikombe 1, majani ya maboga fungu moja, kitunguu 1, nyanya 3, mafuta kidogo na chumvi.

Loweka mahindi na maharage usiku kucha, kila kimoja na chombo chake. Asubuhi mwaga maji hayo. Kama mahindi bado hayajakauka sana, huna haja ya kuyatwanga. Tanguliza mahindi jikoni, na baada ya saa moja tia maharage, yachemke kwa nguvu mpaka yaive. Usitie magadi. Yanaharakisha kuiva, lakini yanaua baadhi ya vitamini za maharage. Kuloweka kunatosha na kunaokoa kuni. Vikishaiva, kaanga kitunguu na nyanya pembeni, umimine humo. Ongeza boga lililokatwa vipande. Likianza kulainika, koroga karanga kwa maji kidogo utie, ukigeuza ili isishike chini. Mwisho tia majani ya maboga yaliyotolewa nyuzi na kukatwakatwa. Dakika kumi zinatosha, kisha ipua.

Kwa mtoto mdogo aliyeanza kula, ponda mpaka iwe laini kabisa. Mkubwa na apate kipande cha chungwa au limao pembeni, kinasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga.

Nyumba ile niliyoanza nayo nimerudi wiki iliyopita, na boga moja chini ya kwapa. Tulipika pamoja na yule mama, kwa kutumia sehemu ya maharage aliyokuwa ameweka mbegu, na msimu ujao amesema mnunuzi atasubiri mpaka gunia la nyumbani lifungwe. Mtoto aliomba sahani ya pili.

Kama una swali, au chungu cha mavuno cha kwenu kinapikwa tofauti, nisimamishe njiani unieleze. Mavuno mema.